Vita vya Mjerumani na Maisha ya Raia, 1914–1918: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wasomaji, wanafunzi, na zaidi ya wote watu wenye babu au bibi aliyewahi kusimulia jambo nusunusu kisha akanyamaza. Majemadari na mapigano yao wameandikiwa vya kutosha. Hapa nashughulika na waliobeba, waliotwanga, waliojificha porini, waliocheza ngoma na waliozikwa njiani.

"Vita vya Mjerumani" ndiyo Majimaji?

Hapana, ingawa wazee wengine huvichanganya, nami siwalaumu. Majimaji vilianza 1905 vikaisha 1907, na wengi walionusurika humo ndio waliokuja kushikwa miaka saba baadaye kubeba mizigo ya vita vingine. Hapa nazungumzia Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Vilifika Afrika Mashariki Agosti 1914 na vikaisha Novemba 25, 1918, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia. Ulaya walikuwa wameacha kupigana tangu Novemba 11.

Mjerumani, ambaye wazee walimwita Mdachi, alikuwa na koloni lililojumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Dhidi yake walisimama Mwingereza wa Kenya, Uganda, Zanzibar na Nyasaland (Malawi ya leo), Mbelgiji wa Kongo, na baadaye Mreno wa Msumbiji.

Mtu wa kawaida alijuaje kwamba vita vimeanza?

Inategemea alikuwa wapi. Dar es Salaam, Agosti 1914, mji ulikuwa ukijiandaa kwa maonyesho makubwa ya kusherehekea Reli ya Kati, iliyokuwa imefika Kigoma mwezi Februari. Maonyesho hayo hayakufanyika. Agosti 8 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilipiga mizinga mnara wa simu ya upepo, na siku hiyo aliyekuwa na ndugu shamba akaanza kufikiria kumfuata.

Unguja waliamshwa na mizinga alfajiri ya Septemba 20. Meli ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga mbele ya mji, boila zake zikitengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na wengi wao wamezikwa kisiwa cha Chapwani, ambako makaburi yanaonekana hadi leo.

Tanga ndiko kulikokuwa na tukio ambalo hadithi yake haijafa. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa kama 1,000. Risasi zilitibua mizinga ya nyuki mashambani, nyuki wakaumiza watu wa pande zote mbili, na Waingereza wakarudi melini wakiacha bunduki na shehena ya vitu. Nyuki walikuwepo kweli. Lakini kusema nyuki ndio walioshinda vita ni kuwanyang'anya heshima yao vijana waliosimama pale na bunduki.

Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, vita vilikuja kwa sura ya mtu anayedai vijana. Walikuwa wakikataa kutoa watu wa kazi na wa kubeba mizigo, na mama yao wa upinzani, Mekatilili wa Menza, alikuwa ametoroka kutoka uhamishoni Kisii. Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kwa baruti, Mekatilili akakamatwa tena, na mapigano yakaendelea kwa majuma kadhaa. Kwao Mjerumani hakuwa adui wa kwanza.

Kwa nini walihitajika wapagazi wengi kiasi hicho? Hakukuwa na magari na punda?

Walikuwepo, ila ndorobo, yaani mbung'o, aliwamaliza. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu katika nchi za ndorobo, na magari yalizama kwenye matope mara masika yalipoanza. Kikabaki kichwa cha binadamu.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Mtu anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Akienda safari ya siku 12 kufikisha chakula kwa askari, kisha akarudi siku 12, amekula kilo 24. Amefikisha kilo moja. Ndiyo maana kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali na reli, ndivyo wapagazi walivyoongezeka, na wengi wao walibeba chakula cha wapagazi wenzao. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yao ulitumia karibu watu milioni moja kwa kazi hii, kuanzia Kenya na Tanganyika hadi Uganda, Nyasaland na kwingineko. Wabelgiji nao walitoa watu Kongo, Rwanda na Burundi, na Wajerumani wakachukua kila waliyempata njiani.

Walikwenda kwa hiari?

Wachache mwanzoni, wale waliosikia habari za mshahara. Kenya, sheria ya 1915 iliruhusu kuwashika watu kwa nguvu, na mwaka 1917 likaja zoezi kubwa la kukusanya vijana wilaya kwa wilaya. Chifu alipewa idadi, naye alijua nani hana mtetezi. Vijana walilala porini. Wengine walikimbilia kazi za mashamba ya walowezi, maana aliyekuwa tayari kwenye kazi hakushikwa kirahisi. Jomo Kenyatta, kijana wakati huo, alikwenda kwa jamaa zake Wamasai upande wa Narok akaajiriwa na mkandarasi wa Kihindi.

Tanganyika mambo yalikuwa mabaya maradufu, kwa sababu kijiji kimoja kiliweza kupitiwa na majeshi mawili ndani ya mwezi mmoja. Mjerumani akirudi nyuma huchukua watu na nafaka. Mwingereza akifuata huchukua waliobaki.

Si wote walioongozwa na maafisa wa serikali. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliunda kikosi chake cha wapagazi mwaka 1916 na akatembea nao mwenyewe bara.

Walikula nini, na mbona walikufa wengi namna hiyo?

Swali hili naomba mlisome taratibu, kwa maana jibu lake ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na uchovu. Na kuhara, kwa sehemu kubwa, kulitoka kwenye sufuria. Posho ilikuwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, chengachenga, wakapewa watu ambao kwao walikula ndizi, viazi, mtama au uwele. Mwenye kupika ugali anajua kwamba unga wa namna hiyo unataka moto mkali, maji ya kutosha na muda. Mpagazi aliyefika kambini jua limezama, mvua inanyesha, kuni zimelowa, asubuhi anaamshwa kabla ya mapambazuko, alikuwa na muda gani? Aliukoroga kwenye maji ya uvuguvugu akaunywa. Chenga mbichi zile zilikwangua utumbo. Siku ya tatu anaharisha, siku ya sita damu, na mzigo bado uko kichwani.

Ongeza hapo hali ya hewa. Kijana wa nyanda za juu za Kenya alishushwa Rufiji akakutana na malaria ambayo mwili wake haujawahi kuijua. Masika ya 1917 bonde lile lilifurika, njia zikakatika, na posho ikapunguzwa kwa askari na wapagazi pamoja. Baadaye kambi zilipata majiko makubwa, wapishi, hospitali na mchanganyiko bora wa chakula, na vifo vikapungua. Maana yake ni kwamba vingeweza kupungua tangu mwanzo.

Hesabu rasmi ya upande wa Waingereza inataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa. Wanahistoria wengi wanaiona ni ndogo. Upande wa Mjerumani hakuna aliyehesabu kwa makini.

Ni kweli jina Kariakoo lilitokana na vita hivi?

Ni kweli kabisa. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo ya watu ikalifanya jina hilo Kariakoo. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916 wakawaweka wapagazi eneo lile. Wajerumani walikuwa wamejenga hapo jengo la soko kabla ya vita, lakini biashara haikuwahi kuanza, na jengo likageuka malazi. Soko lenyewe lilianza baada ya vita. Jengo tunalolijua leo ni la miaka ya 1970, kazi ya msanifu wa Kitanzania Beda Amuli.

Nairobi nako wako na Kariokor yao, kwa sababu ile ile. Nikipita Kariakoo asubuhi, nikaona vijana wa mikokoteni na wale wanaobeba marobota kichwani wakipiga kelele "pisha, pisha mzigo!", huwa najisikia kama mahali pale pamekataa kusahau.

Wanawake walikuwa wapi?

Kila mahali, ila kwenye orodha za majeshi hawaonekani. Askari wa Mjerumani walisafiri na wake zao na watoto. Safari ile ndefu ya kurudi nyuma, kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji na kuingia Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ilikuwa na akina mama waliobeba vyungu, wakatwanga nafaka ya siku, wakajifungua njiani na kesho yake wakaendelea kutembea. Wengine walikuwa wake wa ndoa. Wengine walitekwa vijijini, na hilo nalo lisemwe.

Waliobaki nyumbani walilima peke yao. Kulima kwenyewe kulikuwa na mtihani: ukivuna sana, jeshi litapita lichukue, na usipovuna watoto watakufa. Nafaka ilifukiwa mashimoni, ikafichwa mapangoni. Mbegu ikaliwa.

Fedha ilikuwa ipi?

Rupia, pande zote mbili. Kwa Mjerumani, rupia moja ilikuwa heller 100. Heller hizo ndizo zilizotupa neno "hela", tunalolitumia kila siku.

Meli za Waingereza zilipofunga bahari, sarafu hazikuingia tena. Wajerumani wakachapisha noti za muda humu humu nchini, kwenye karatasi za namna mbalimbali. Walipozidi kusukumwa kusini, mwaka 1917, wakafikia kuchapa noti kwa herufi za mpira za kuchezea watoto. Wakulima hawakuzipenda. Karatasi huliwa na mchwa, huloweshwa na mvua, na zaidi ya yote ni ahadi ya mtu anayekimbia. Aliyekuwa na sarafu za fedha alizifukia. Mwingereza alipotawala, waliopokea noti za Mdachi kwa kuku na mbuzi zao walibaki na karatasi.

Tabora, ambako Gavana Heinrich Schnee alihamishia serikali, walianzisha kiwanda cha sarafu katika karakana ya reli. Mwaka 1916 walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Wakusanyaji huilipia fedha nyingi sana leo. Mimi inayonigusa zaidi ni ya heller 20 iliyopigwa hapo hapo. Ipo moja kwa jamaa zangu, imewekwa kwenye kopo la kahawa pamoja na vifungo na sindano. Ni ya shaba, nzito kuliko unavyodhani, rangi yake imekuwa kama majani makavu. Upande mmoja una taji, mwaka 1916, na chini kabisa herufi T ya Tabora. Kingo hazikukaa sawa, kama chapati iliyokatwa kwa haraka. Shaba ya maganda ya risasi na mizinga ndiyo iliyoyeyushwa kuwa hela ya kununulia chumvi. Tabora ilitekwa na Wabelgiji Septemba 19, 1916, na kiwanda kikafa.

Nguo, sabuni na dawa zilipatikanaje bahari ikiwa imefungwa?

Kwa shida na kwa ubunifu. Nguo za dukani ziliadimika na bei ikapanda, watu wakarudia magome ya miti na ngozi. Wajerumani walitafuta wenye ujuzi wa kusokota na kufuma pamba, ujuzi ambao vitambaa vya bei rahisi kutoka ng'ambo vilikuwa vimeshaanza kuufifisha. Nguo za askari zilitiwa rangi ya hudhurungi kwa mti uitwao ndaa. Viatu vilishonwa kwa ngozi za wanyama wa porini.

Taasisi ya utafiti ya Amani, milimani Usambara, ilitengeneza sabuni, dawa ya meno, pombe kali, na dawa ya malaria kutokana na miti ya kwinini iliyopandwa huko. Huko vitani askari walikunywa maji ya magome hayo yaliyochemshwa. Yalikuwa machungu kiasi kwamba Wajerumani wenyewe waliyapa jina la mzaha la pombe ya Lettow. Nazi nazo zilitoa mafuta ya kuendeshea magari.

Watu walipata wapi moyo wa kucheza ngoma katika hali kama hiyo?

Nimeulizwa hili kwa mshangao mara nyingi, na kila mara nashangaa mshangao wenyewe. Watu hawaachi kuoa, kutahiri, kuzika wala kucheza kwa sababu ya vita. Na ngoma kubwa kuliko zote za miaka ile, Beni, ilikua ndani ya vita.

Beni ilikuwa ngoma gani hasa?

Jina lilitokana na neno la Kiingereza la bendi. Ilianzia pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu walipozisikia bendi za manowari na za misheni. Mombasa vikundi vilivyoshindana viliitwa Kingi na Scotchi. Dar es Salaam, Tanga na miji mingine ya Tanganyika viliitwa Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa mjini hasa, wenye kazi za ofisini na nguo safi. Arinoti walichukua wageni, vibarua, watu wa bara, ingawa sura hiyo ilibadilika kutoka mji hadi mji.

Jione umesimama pembeni mwa njia Jumamosi jioni. Kwanza unasikia ngoma kubwa, dum, dum, mdundo wa kupigia hatua. Kisha baragumu. Wanatokea wamepanga mistari, suruali nyeupe zimepigwa pasi, kofia zimeinamishwa upande mmoja, kila mwenye cheo na alama zake begani, fimbo imeshikwa kama bunduki. Mbele anatembea mkubwa wao, anayeitwa Kingi au Kaisari au Jemadari, hacheki. Nyuma wako akina mama wa kikundi, nao wana vyeo vyao, na sauti zao ndizo zinazobeba wimbo. Wimbo una mafumbo kuhusu kikundi cha upande wa pili: waliazima nguo, walishindwa kulisha wageni, kiongozi wao ana deni dukani. Waliolengwa wanaelewa. Juma lijalo watajibu.

Huko si kuwaiga wakoloni tu?

Sikubaliani, na nitasema kwa nini. Mashindano ya mitaa miwili ni mila ya zamani sana ya Waswahili. Lamu, Mkomani na Langoni walishindana kwa ngoma, mashairi na karamu kabla ya bendi yoyote kusikika bandarini. Walichofanya vijana wa Beni ni kuchukua gwaride, kitu chenye nguvu kuliko vyote mbele ya macho yao, wakakiingiza ndani ya mashindano yao wenyewe. Ukiwa mchana kutwa unaitwa "boi", kisha jioni unaitwa Gavana na watu 200 wanakupigia saluti, hujaiga. Umejipatia kitu ambacho mchana ulinyimwa.

Tena Beni ilikuwa chama cha kusaidiana. Mgeni aliyefika mji asioujua aliuliza, "Marini wako wapi?" akapata pa kulala. Mgonjwa alitembelewa. Maiti alizikwa kwa heshima. Kwa watu waliong'olewa kwao na kutupwa kambini na wageni wa makabila kumi, hiyo haikuwa starehe tu.

Vita vilieneza Beni mpaka wapi?

Mbali sana. Askari na wapagazi waliibeba pamoja na mizigo. Waliotekwa walicheza kambini, na waliowateka wakajifunza. Vita vilipokwisha kila mmoja alirudi kwao na mdundo. Kandokando ya Ziwa Nyasa ikawa malipenga na mganda, ngoma ambazo bado zinachezwa Malawi kwa mistari na hatua za gwaride, wakipuliza vibuyu badala ya tarumbeta. Migodi ya shaba ya Zambia ikazaa Kalela. Mwaka 1919 maafisa wa Kiingereza walitiwa wasiwasi na barua zilizokuwa zikipita kati ya matawi ya mji na mji, wakafanya uchunguzi wakidhani kuna siasa ya siri. Waliona jambo la kweli: watu wa Tanga, Tabora na Nairobi walikuwa wamejifunza kujiunga pamoja, kwa Kiswahili, bila kuomba ruhusa.

Na taarab?

Zanzibar kikundi cha Ikhwani Safaa kilikuwepo tangu 1905, kikiimba kwa Kiarabu kwa ajili ya watu wa daraja la juu. Siti binti Saad alikuwa amehamia mjini kutoka shamba kama mwaka 1911, lakini sifa zake zilienea baada ya vita, na sahani zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Miaka ya vita yenyewe ngoma ya watu wengi ilikuwa Beni.

Kulikuwa na magazeti ya Kiswahili?

Yalikuwepo, na mazuri. *Kiongozi* lilichapwa Tanga, kwenye shule ya serikali, na *Pwani na Bara* lilikuwa la misheni ya Kiprotestanti. Yote mawili yalikoma 1916, Waingereza walipoingia. Baada ya hapo habari zilikwenda kwa mdomo: mabaharia wa majahazi, wapagazi waliotoroka, wachuuzi wa chumvi.

Kujua kusoma kulikuwa na hatari zake. Waalimu na makasisi wa Kiafrika wa misheni ya Kiingereza, UMCA, walishukiwa na Wajerumani kuwa wapelelezi, wakafungwa. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, alifungwa Tabora mpaka Wabelgiji walipoiteka. Mwaka 1922, akiwa Tanga, alianzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, ambacho wengi wanakihesabu kuwa mbegu ya siasa za Tanganyika.

Mtunya ni nini?

Ni njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Kwetu ni huko, kwa hiyo nisameheni nikikaa kidogo.

Wagogo wamezoea ukame. Wana ng'ombe wa kuuza, jirani wa kuomba, mtama wa akiba ghalani. Vita vilikata kamba zote tatu. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza walichukua nafaka iliyobaki, na wanaume wenye nguvu kwa maelfu kuwa wapagazi. Kisha mvua zikakataa. Watafiti wanakadiria kwamba mtu mmoja kati ya watano alikufa. Jina lenyewe linabeba maana ya kugombania, kunyang'anyana. Wazee walisema watoto waliwekwa rehani kwa debe la mtama kwa watu waliokuwa nacho, na baadhi yao hawakukombolewa. Koo zingine zina matawi yasiyojulikana yalikoenda.

Kaskazini-magharibi mwa Rwanda nako, miaka ile ile, kulikuwa na njaa iliyoitwa Rumanura. Njia za majeshi na njia za njaa ukizichora kwenye ramani moja zinalaliana.

Homa ya 1918 ilifika kwetu?

Ilifika, kupitia bandarini na reli, miezi ya mwisho ya 1918, wakati wapagazi wakirudishwa makwao. Ilipita haraka na kuua makumi ya maelfu. Kuna waliokwepa risasi, kuhara na njaa kwa miaka minne, wakafia njiani wakiwa wamebakiza safari ya siku mbili.

Wapagazi walilipwa?

Waliorudi, wengi walilipwa, kidogo. Waliokufa, maelfu ya mishahara yao haikuwafikia jamaa, kwa sababu majina yaliandikwa ovyo au hayakuandikwa, na serikali haikuwatafuta warithi kwa bidii. Kenya walichokipata haraka ni kipande: hati yenye alama za vidole, iliyotokana na sheria ya 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, wanaume wakaivaa shingoni kwenye kikopo cha bati.

Sanamu ya Askari inawahusu wapagazi?

Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inaonyesha askari peke yake. Ya Nairobi ina watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba watoto wako watalikumbuka jina lako. Majina hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Naweza kumtafuta babu yangu aliyekwenda Kariakoo?

Jaribu. Nyaraka za Taifa Nairobi na Dar es Salaam zina majalada ya wilaya ya miaka hiyo, na humo mara nyingine mna orodha za walioshikwa. Usitegemee kukuta jina kama unavyolijua. Karani aliandika alivyosikia, na wengi walitoa jina la uongo kwa makusudi.

Kabla ya nyaraka, anza na wazee. Usimuulize mzee mwaka, muulize tukio. Bibi yangu mzaa baba hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa, lakini alijua alizaliwa mvua zilipofungua baada ya Mtunya, na kwamba kaka yake mkubwa alichukuliwa kabla mtama haujaiva na hakurudi. Kwa maneno hayo mawili tulipata miaka. Uliza pia jina la rika, jina la njaa, wimbo uliokuwa ukiimbwa wakati wa kutwanga, na nani kwenye ukoo alipewa jina la mtu aliyepotea. Kwetu mjomba mmoja analo jina la yule kaka. Ndilo kaburi alilopata.